Karakana Yetu ya Veyula

Wageni wengi huijua Dodoma kwa Bunge na kwa zabibu. Sisi tunaoishi hapa twaijua pia kwa vumbi. Mvua ikishakwisha, upepo wa kusini-mashariki huvuka uwanda huu mkavu ukiwa umebeba udongo mwekundu, ukaingia kabatini, ukaingia katika unga na katika mashine. Ifikapo Desemba mbingu hufunguka, na maji yaliyokosekana kwa miezi saba huja kwa kishindo. Mji uko mwinuko wa mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 tu, yote katika msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili. Katika nchi ya namna hii, mwenye kutaka kujenga karakana nyumbani kwake hana budi aanze kwa kuisoma ardhi na upepo.

Makala hii inahusu karakana hiyo. Tuliijenga Veyula, kaskazini mwa mji kwenye njia ya Arusha, kuanzia Juni 2021 hadi Novemba 2023. Ina urefu wa mita 9 na upana wa mita 6, yaani gari huingia na bado meza ya fundi hubaki na nafasi yake.

Karakana na akina mama, wapi na wapi?

Huenda mama mwenzetu akauliza swali hilo, na ni swali la haki. Jibu ni kwamba kazi ya fundi isipokuwa na chumba chake, huhamia katika nyumba ya mama. Katika sisi wawili, mmoja ni muuguzi na mwingine ni fundi wa mashine za kusaga na pampu za maji. Kwa miaka mingi spana zililala chini ya kitanda, betri ilichajiwa ukumbini, na dumu la dizeli lilikaa jikoni kwa sababu ndipo palipokuwa na kufuli. Kijana wetu alipojifunza useremala, maranda nayo yakaingia katika mboga.

Fundi alipostaafu na mafao yake kutoka, tulizungumza usiku mwingi. Mmoja wetu alitaka karakana kubwa. Mwingine, ambaye ndiye hufua mashati yenye grisi, alitaka kwanza dari ya nyumba na jiko jipya. Hatukugombana, lakini hatukukubaliana upesi pia, kwa maana fedha ya kustaafu huja mara moja tu, na ikipotea hakuna mshahara mwingine wa kuifuata. Mwishowe tuliandika masharti manne katika daftari, tukayatia sahihi wote wawili: ada za shule zisiguswe, maji ya paa la karakana yaje jikoni, vitu vya sumu viwe na kabati lenye kufuli, na kifaa chochote cha kazi kisilale tena ndani ya nyumba. Dari ingefuata kwa fedha itakayoingia kutokana na kazi.

Tuliongeza jambo moja ambalo twawashauri akina mama wote. Kiwanja kiwe na majina ya mume na mke. Tanzania ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zinazomlinda mwenzi ili nyumba ya familia isiuzwe wala kuwekwa rehani pasipo ridhaa yake. Hata hivyo, jina lililokwisha kuandikwa kwenye hati huepusha maneno mengi siku ya msiba.

Ardhi ni mwalimu

Kabla ya saruji kufika huku, Wagogo walijua kujenga kwa ajili ya nchi hii. Tembe ni nyumba ya chini, yenye kuta nene za miti na udongo, na paa tambarare la udongo juu ya boriti. Mara nyingi huzunguka ua ambamo mifugo hulala. Jua la saa nane haliupenyi upesi udongo ule mnene, na upepo hupita juu yake usipate pa kushika. Mvua kubwa ndiyo adui yake, na ndiyo sababu tembe limefaa mahali penye mvua haba.

Tulichukua mafunzo mawili kwa tembe. La kwanza ni kutoupa upepo mlango. Ukuta wa upande wa kusini-mashariki hauna mlango wala dirisha, ila matundu madogo ya hewa juu kabisa, yaliyozibwa kwa wavu. Mlango mkubwa wa chuma unatazama kaskazini, na bati limetoka mbele kiasi cha mita moja na nusu ili kuleta kivuli. La pili ni kujenga chini kwa kiasi, kwa kuwa ukuta mrefu katika uwanda wazi hupigwa na upepo kama tanga la jahazi.

Funzo jingine tulilipata Kongwa. Mashine ya kusaga iliharibika katika kijiji kimoja cha huko, nasi tukasafiri pamoja, maana muuguzi alikuwa likizo. Ukitoka mjini unashika barabara ya Morogoro, unapita Chamwino na Buigiri, na ukifika Mbande unaingia kulia kuelekea Kongwa. Nchi ni pana, mibuyu imesimama mbalimbali, na ng'ombe wanavuka barabara pasipo haraka.

Hapo ndipo Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Yaliletwa matrekta na mashine nyingi, mengine yakiwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini mvua haikutosha, na udongo wa Kongwa, ambao ni laini wakati wa masika, ulikuwa mgumu kama sakafu baada ya mvua, hata karanga zisiweze kung'olewa vizuri. Mashine ziliharibika kwa wingi kuliko zilivyoweza kutengenezwa. Mwaka 1951 mradi uliachwa, ukiwa umepoteza zaidi ya pauni milioni 36.

Njiani kurudi tulizungumza habari hiyo. Watu wale hawakukosa mashine wala fedha. Walikosa kuiuliza ardhi, na walikuwa na vifaa vingi kuliko mikono na vipuri vya kuvitunza. Familia nayo yaweza kuanguka vivyo hivyo kwa kiasi chake: mashine mpya ya kuranda inanunuliwa, inawekwa nje chini ya turubai, vumbi linaingia katika mota, na baada ya mwaka inauzwa kama chuma chakavu. Kwa hiyo tulikubaliana kutonunua mashine yoyote mpya mpaka chumba chake kiwe na sakafu, paa na mlango.

Msingi, sakafu na paa

Zamani viwanja vya Dodoma vilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoanzishwa mwaka 1973. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, hivyo kibali cha ujenzi tulikiomba Halmashauri ya Jiji. Tulieleza wazi kwamba ni karakana, na majirani tuliwaendea mapema. Tuliwaahidi kwamba msumeno wa umeme hautalia kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa kumi na mbili jioni, wala siku ya Jumapili. Ahadi hiyo imetuletea amani kuliko ukuta wowote.

Tulijenga kwa awamu. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa msingi na sakafu, wa pili kuta na paa, wa tatu ukamilishaji. Kila awamu tulihakikisha kazi imefikia mahali pa kuhimili mvua kabla ya Desemba. Uwanda huu umo katika eneo la Bonde la Ufa na mitetemo ya ardhi huhisiwa mara kwa mara, kwa hiyo tulizungusha mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta zote, usikatike popote.

Sakafu ndiyo roho ya karakana. Tulishindilia moramu, tukapiga dawa ya mchwa, tukamwaga zege la inchi tano lenye wavu wa chuma, likiinama sentimita sita kutoka ukuta wa nyuma hadi mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke yenyewe. Watu wengi hudhani zege linapaswa kukauka. Kwa kweli zege linapaswa kuiva, na ili liive lahitaji maji. Katika upepo wa Dodoma, zege lililoachwa wazi hunyang'anywa maji siku ile ile, likapata nyufa na kuwa na vumbi daima. Tulilifunika kwa magunia mabichi na kulimwagilia asubuhi, mchana na jioni kwa siku kumi, kama vile mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anavyofunikwa asipigwe na baridi. Baadaye lilipigwa niru, likawa laini. Sakafu laini hufagiliwa kwa dakika tano; yenye mashimo hufuga vumbi mwaka mzima.

Mbao za kenchi tulizifuata Mafinga, penye msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Safari hiyo ilitupitisha barabara ya Iringa, ambayo sasa ni lami, kupitia Mpunguzi hadi bwawa la Mtera. Huko uwanda mkavu unafunguka ghafla na kuwa maji mapana, na akina mama wanauza samaki wa kukaanga kando ya njia. Baada ya Iringa hewa hubadilika, ukungu huanza, na misonobari husimama kwa safu. Tulichagua mbao zilizotiwa dawa, kwa kuwa mchwa wa Dodoma haogopi mbao mbichi. Hata hivyo hakuna mti katika karakana yetu unaogusa ardhi. Miguu ya meza ya fundi imevishwa viatu vya chuma.

Kuta zilipigwa lipu na kupakwa rangi nyeupe ili mwanga usambae, na sehemu ya chini, kimo cha mita moja, ilipakwa rangi ya mafuta ya kijivu ambayo hufutika kwa kitambaa. Mabati mawili kwenye paa ni yale yapitishayo mwanga, hivyo mchana hatuwashi taa.

Utaratibu uliorudi nyumbani

Jengo lilipokamilika, jambo gumu lilikuwa bado. Karakana kubwa isiyo na utaratibu ni jalala lenye mlango.

Hapo kazi ya hospitali ilitusaidia. Mwaka 2007 Wizara ya Afya ilianza kuingiza katika hospitali zetu utaratibu wa Kijapani uitwao 5S, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa miongoni mwa za kwanza kuufuata. Wauguzi wengi tunaukumbuka kwa maneno matano ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Asili yake ni viwanda vya Japani. Yaani utaratibu uliozaliwa kiwandani ulipita wodini, nasi tukaurudisha kwenye karakana.

Kusasambua ni kutenganisha kinachotumika na kisichotumika. Tulimwaga nje vifaa vyote vya miaka thelathini. Vilivyovunjika viliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na bei yake ikanunua kufuli mbili. Kuseti ni kukipa kila kitu mahali pake. Ubao mkubwa umefungwa ukutani, na umbo la kila kifaa limechorwa kwa rangi nyeusi: nyundo, patasi, randa, koleo, spana kwa saizi zake. Kifaa kisiporudi, alama yake hubaki tupu ikimwita mwenyewe. Kusafisha ni kila jioni, tukinyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia ili vumbi lisiingie mapafuni. Kusanifisha ni kuweka namna moja ijulikanayo na wote, hata kijana mwanafunzi aliyekuja jana. Kushikilia ndiko kugumu, kwa maana ni kufanya hayo hata siku ambayo mgeni haji.

Katika chumba cha upasuaji, vifaa na pamba huhesabiwa kabla mgonjwa hajashonwa, maana kilichosahaulika ndani chaweza kumuua. Nasi tunahesabu kila jioni. Binti yetu wa darasa la sita ndiye hushika daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi mwenyewe alinung'unika wiki mbili za kwanza kwamba amekuwa mwanafunzi nyumbani kwake. Wiki ya tatu alipata spana namba 13 gizani, umeme ukiwa umekatika, pasipo kuwasha tochi. Hakunung'unika tena.

Kabati lenye kufuli

Hili ndilo twaomba akina mama walisome mara mbili. Katika miaka yetu ya kazi tumewapokea watoto waliokunywa mafuta ya taa au petroli, na karibu kila mara chombo kilikuwa chupa ya soda. Mtoto hakosei, ameona chupa anayoijua. Kwa hiyo katika karakana yetu hakuna kimiminika chochote kinachowekwa katika chupa ya kinywaji. Petroli, thina, rangi na maji ya betri hukaa katika vyombo vyake, vikiwa na maandishi, ndani ya kabati la chuma lililo juu, na ufunguo hauning'inii karibu nalo.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, petroli au thina, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta ili atapike. Akitapika, mafuta huingia mapafuni, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mwahishe kituo cha afya, nenda na chombo chenyewe. Maji ya betri yakimwingia mtu jichoni, mwoshe kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano au zaidi, kisha mpeleke hospitali bila kungoja kesho.

Injini isiunguruме ndani milango ikiwa imefungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi asiamke. Anayechomelea avae kinga ya macho, na watoto wasisimame kutazama mwanga ule. Aliyechomwa na msumari aoshe jeraha na aende kituoni kuulizia chanjo ya pepopunda.

Jambo la mwisho ni oili chafu. Wengi huimwaga uani ili kutuliza vumbi au kufukuza mchwa. Sisi wa Veyula tuna sababu ya pekee ya kukataa, kwa kuwa visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, ambavyo kwa miaka mingi vimeinywesha Dodoma, viko upande huu huu wetu. Kinachomwagwa juu ya ardhi hushuka. Oili yetu hukusanywa katika dumu lenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaoinunua.

Paa lililotulipa

Sharti la pili la daftari letu limeleta furaha kuliko tulivyotazamia. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa letu, pamoja na bati lililotoka nje, lina mita za mraba kama 70. Kwa mvua ya milimita 550 ni lita 38,500. Tukitoa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki lita zipatazo 30,000, yaani ndoo 1,500 za lita ishirini kwa mwaka. Matangi yetu hayawezi kuyakamata yote, maana mvua huja kwa pamoja, lakini kwa miezi kadhaa hakuna anayebeba ndoo ya kufulia. Mvua ya kwanza ya msimu huachwa ipite ili ioshe vumbi la bati.

Fedha nazo zimeanza kurudi. Mashine za kusaga huletwa kutoka vijiji vya jirani, kijana anatengeneza madawati na vitanda, na viti vya kanisa letu vilivyolegea vilikazwa hapa. Dari ya nyumba ilipigwa Agosti 2024, kwa fedha za karakana, kama tulivyoandika. Jiko jipya limefikia lenta.

Mama mwenzetu asiye na kiwanja kikubwa asikate tamaa. Aanze na ubao mmoja ukutani wenye michoro ya vifaa, sanduku moja la chuma lenye kufuli, na daftari la shilingi chache. Amwambie mwenzake kwamba vitu vya sumu na vyenye makali vinahama chumba cha watoto kuanzia leo. Hayo hayangoji mafao wala saruji, na mtoto aliyeokolewa na kufuli hatajua kamwe kwamba aliokolewa.